Chanjo ya HPV isiwapite mabinti wa Ipogolo



Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018: dozi mbili, kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 dozi ni moja tu, na walengwa ni wa miaka 9 hadi 14. Kirusi cha HPV ndicho kisababishi kikuu cha saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini.

Bado kuna wazazi wanaotishwa na uvumi kwamba chanjo huleta ugumba. Si kweli hata kidogo! Saratani yenyewe ndiyo inayompokonya mwanamke kizazi, na mara nyingi uhai.

Wazazi wa Ipogolo na Iringa yote, hata binti asiye shuleni apelekwe kituo cha afya kabla hajatimiza miaka 15.