Kazi za Mikono: Gurudumu la Nyuma



Ndugu mmoja wa Kalima ametuletea swali ambalo kwa mtu wa mjini laweza kuonekana dogo, bali kwake yeye ni swali la mwaka mzima. Kazi yake ni kusukuma baiskeli yenye mizigo kutoka Kalima hadi Kindu, mwendo wa kilomita karibu 100. Akienda hubeba mawese na mchele. Akirudi huleta chumvi, sabuni na nguo. Sasa gurudumu lake la nyuma limekufa: rimu imepinda, na spoki saba zimekatika. Fedha anazo kidogo, lakini zatoka katika mfuko uleule wa karo ya mwanawe, aliye mwaka wa mwisho wa sekondari na anayeungojea Mtihani wa Taifa. Auliza: Je, ninunue gurudumu zima lililokwisha fungwa kiwandani, au ninunue rimu na spoki tu, fundi anifungie juu ya kitovu changu cha zamani?

Wazee wa Kalima watakumbuka kwamba zamani mizigo haikuwa juu ya mabega ya baiskeli. Kampuni ya Symétain, na baada yake SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976, zilikuwa na malori, maana zilichimba kasiterita, yaani mawe ya bati. Bei ya bati ikaanguka ulimwenguni mwaka 1985, kisha kazi za kampuni zikafifia, na barabara nazo zikaliwa na msitu. Vita vya mwaka 1998 hadi 2003 vilipokuja, katika sehemu nyingi za Maniema baiskeli ndiyo iliyobaki kuwa lori la watu. Basi mtu asidhani kwamba tunazungumza juu ya chombo cha matembezi ya Jumapili. Tunazungumza juu ya chombo kinachobeba kilo 100 na zaidi, katika matope na juu ya mizizi.

Kabla ya kumjibu ndugu yetu, yafaa tufahamu gurudumu linavyofanya kazi. Wengi hudhani kwamba mzigo umesimama juu ya spoki za chini, kama nyumba isimamavyo juu ya nguzo. Sivyo. Spoki ni waya, na waya hauwezi kusimamisha kitu. Jaribu kuusimamisha juu ya meza uuelemee, utapinda mara moja. Spoki zote zimekazwa, zikiivuta rimu kuelekea kitovu. Mzigo unapolemea, spoki zilizo chini hulegea kidogo. Gurudumu likizunguka, hukaza tena, na nyingine hushika zamu yao. Enyi wanafunzi, fanyeni hesabu: gurudumu kubwa la 28, pamoja na tairi lake, lina mzunguko wa mita 2 na robo hivi. Kutoka Kalima hadi Kindu litazunguka zaidi ya mara 44,000. Kila spoki basi italegea na kukaza mara 44,000 kabla mwenyewe hajaoga vumbi lake huko Alunguli na kutafuta mtumbwi wa kuvuka Lualaba.

Sasa fahamu jambo hili, maana ndilo shina la yote. Spoki iliyokazwa vema hulegea kidogo tu, wala haichoki upesi. Spoki iliyofungwa kwa ulegevu hupoteza nguvu yake yote kila mzunguko, hucheza katika tundu lake, na mwisho hukatika penye kiwiko, pale inapopinda kuingia kitovuni, kama vile unavyokata waya kwa kuukunja huku na huku. Kwa hiyo mtu aonaye spoki zikimkatikia asikimbilie kusema kwamba mzigo ulikuwa mzito. Mara nyingi spoki zililegea.

Na hapa ndipo penye kasoro ya magurudumu mengi ya bei nafuu yaliyofungwa kiwandani. Yang'aa, yamefungwa karatasi, lakini spoki zake zimekazwa kwa haraka, moja sana, nyingine kidogo. Mimi mwenyewe niliwahi kununua gurudumu la namna hiyo kwa mfanyabiashara mmoja. Sikulipeleka kwa fundi, kwa kuona kwamba jipya ni jipya. Siku ya tatu nilikuwa nimeketi kando ya njia na gunia la mchele, nikingoja mpita njia mwenye huruma. Gurudumu zima si baya kwa asili yake, ila yampasa fundi alikaze upya kabla ya kupakiwa mzigo. Ukishamlipa fundi kwa kazi hiyo, bei yake si nafuu tena.

Shauri langu kwa ndugu yetu ni hili: kwanza akitazame kitovu chake. Akifungue, asafishe gololi, apitishe kidole katika njia zake. Ikiwa ni laini kama yai, kitovu bado ni kizima. Aweke gololi mpya na grisi, nayo gharama yake ni ndogo. Ikiwa njia zina vishimo, kitovu hicho kimekwisha, na fedha ya rimu nzuri juu yake ni fedha ya kutupa mtoni.

Kisha ahesabu matundu. Nasisitiza: ahesabu, tena mara mbili, kabla ya kwenda dukani. Baiskeli za Kiingereza za zamani, na nyingi za India na China zilizoigwa kwao, zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma ndipo penye uzito. Baiskeli za Ulaya ya bara, kama zile zilizoletwa na Wabelgiji, kwa kawaida zina 36 mbele na 36 nyuma. Hapa kwetu aina zote zimechanganyika. Rimu ya matundu 36 haifungiki ipasavyo juu ya kitovu cha matundu 40, hata fundi awe hodari namna gani. Kwa mizigo, gurudumu la nyuma la spoki 40 ndilo la kuchagua.

Jambo la pili ni kipimo. Watu husema “ishirini na nane” kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe sivyo. Tazama ubavuni mwa tairi, utaona tarakimu kama 40-635. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu mahali tairi linapokalia. Ile baiskeli kubwa ya kazi ni 635. Lakini kuna nyingine nayo huitwa 28, ambayo ni 622, na tairi la moja halikai juu ya rimu ya nyingine. Kwa zile ziitwazo 26 machafuko ni makubwa zaidi: ziko 559, 584, 590, na bado nyingine. Andika tarakimu hiyo kwenye karatasi uende nayo dukani.

Rimu iwe ya chuma au ya alumini? Alumini ni nyepesi, na breki za mpira huishika vizuri wakati wa mvua. Lakini ikigonga jiwe hupasuka au huvimba, nawe huna la kufanya. Chuma kikibonyea, fundi hukiweka juu ya gogo akakinyoosha kwa nyundo. Tena baiskeli zenye breki za fito huibana rimu upande wa ndani, nazo zadai rimu ya umbo lake, yenye kingo za mviringo. Kwa njia za Maniema mimi nachagua chuma kizito, wala sioni haya. Ukiishika dukani, ilaze juu ya kioo au meza iliyonyooka uone kama inagusa pande zote. Pitisha kidole mahali ilipoungwa: pasiwe na ngazi. Angalia pia kwamba matundu yamepishana, moja likielekea kushoto, la pili kulia.

Juu ya spoki ndugu yetu asifanye ubahili. Kama fedha haitoshi vyote, apunguze penye rimu kabla ya kupunguza penye spoki. Unene wake hutajwa kwa namba, na namba hizo zaenda kinyume: namba 14 ni milimita 2, namba 13 ni milimita 2.3, na namba 12 ni milimita 2.6. Namba 13 yatosha sana kwa mizigo. Namba 12 ni nene mno kwa vitovu vingi. Fundi atalazimika kupanua matundu, na rimu nyembamba haitavumilia nguvu inayohitajika ili kuzikaza. Urefu uwe sawasawa: ndefu mno hutokeza juu ya nati na kutoboa mpira wa ndani, fupi mno hushikwa na hesi chache tu. Apeleke spoki moja ya zamani iliyo nzima kuwa kipimo, ikiwa rimu mpya ni ya aina ile ile. Na kama kiwiko chacheza katika tundu la kitovu, fundi atie kijipete chembamba cha shaba chini ya kichwa.

Kuna mafundi wa zamani waliofunga waya mwembamba mahali spoki zinapopishana, kisha wakaunga kwa risasi ya bati. Yaani bati ya Kalima ingeweza kurudi nyumbani kwa njia hiyo. Ni kazi ya kupendeza macho. Lakini Jobst Brandt, mhandisi wa Marekani aliyeandika kitabu juu ya gurudumu la baiskeli mwaka 1981, alipima akaona kwamba haiongezi nguvu. Faida yake ni kwamba spoki ikikatika haining'inii. Fedha hiyo afadhali inunue spoki za akiba.

Katika kufunga, fundi apake grisi kwenye hesi. Mawese tuyaachie chungu, maana hushika vumbi. Akaze kidogo kidogo, robo ya mzunguko kwa kila nati, akizunguka gurudumu lote, wala asimalize upande mmoja kabla ya mwingine. Kipande cha chaki kilichoshikwa karibu na rimu kitaonyesha mahali inapoyumba. Kisha agonge spoki kwa ukucha na kusikiliza: za upande mmoja zitoe sauti moja. Upande wa meno ya mnyororo sauti huwa juu zaidi, na hiyo si kasoro. Mwisho azishike mbili mbili kwa viganja, azibane kwa nguvu zake zote kuzunguka gurudumu, kisha anyooshe tena. Mafundi wenye haraka hupita hatua hiyo. Mwenye baiskeli asimame hapo hapo aidai.

Safari ya kwanza abebe nusu ya mzigo. Akifika Kindu, kabla ya kupakia chumvi, asikilize spoki tena, maana gurudumu jipya hulegea kidogo siku za mwanzo, na robo ya mzunguko hapa na pale huliponya. Spoki nne za akiba azifunge kwa mpira kwenye bomba la fremu, pamoja na nati zake na spana ndogo, maana kati ya Alunguli na Kalima duka la kuziuza halipatikani kila kijiji.