Jibu la hapana lililotoka Haydom

Na Martina Tluway

Mwaka 2021 jarida la PLoS Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, mkoani Manyara, na katika vijiji vinavyoizunguka. Watoto 1,188 waliandikishwa wakiwa bado wachanga, wakafuatiliwa hadi walipotimiza miezi 18. Wapo waliopewa antibiotiki ya azithromaisini walipofika miezi 6, 9, 12 na 15, pamoja na nitazoksanidi, dawa ya minyoo na vimelea vya tumboni, walipofika miezi 12 na 15. Wapo waliopata nikotinamidi, ambayo ni aina ya vitamini B, kwanza kupitia mama zao waliokuwa wakinyonyesha, kisha wao wenyewe. Wengine walipata vyote viwili, na wengine walipewa dozi zisizo na dawa ndani yake. Swali lilikuwa moja: je, watoto wataongezeka urefu kuliko wenzao?

Hawakuongezeka. Makundi yote manne yalifika miezi 18 bila tofauti ya maana ya kimo.

Habari ya namna hii haipigiwi vigelegele. Hakuna waziri anayekata utepe kwa sababu dawa haikufanya kazi. Lakini mimi nasema hilo ni mojawapo ya majibu yenye thamani kubwa zaidi kuwahi kutoka Wilaya ya Mbulu, na nchi yetu imelitumia kidogo mno.

Tuanze na jinsi swali lenyewe lilivyozaliwa. Kuanzia mwaka 2009 Haydom ilikuwa miongoni mwa vituo vinane duniani vya utafiti ulioitwa MAL-ED, pamoja na vituo vya Bangladesh, Brazili, India, Nepali, Pakistani, Peru na Afrika Kusini. Wahudumu wa utafiti walipita nyumba kwa nyumba wakichukua vipimo vya urefu, uzito na choo cha mtoto, awe anaharisha au haharishi. Maabara ikaonyesha jambo ambalo macho ya mzazi hayawezi kuliona: watoto wengi waliokuwa wakicheza vizuri, bila homa wala kuhara, walibeba Shigela, Kampilobakta na Giardia matumboni, na waliobeba mzigo mkubwa wa vimelea hivyo walikua polepole. Katika kituo cha Haydom zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamedumaa walipotimiza miaka miwili.

Ukishajua hivyo, wazo linalofuata linakuja lenyewe. Kama vimelea ndivyo vinavyomdumaza mtoto, tuviue. Wazo hili lina mantiki, lina huruma ndani yake, na dawa zipo tayari dukani. Mahali pengine lingepitishwa kuwa mpango wa taifa kwa semina ya siku mbili. Haydom na wenzao wa Chuo Kikuu cha Virginia walilipima kwanza, na ndipo ikajulikana kwamba kumpa kila mtoto mwenye afya antibiotiki kila baada ya miezi mitatu hakumrefushi. Fikiria kama tungeanza kugawa bila kupima: fedha zingetoka, vimelea vingeendelea kujifunza kuishinda azithromaisini, na mama angebaki na mtoto yuleyule mfupi.

Wapo watakaosema mbona dawa hiyohiyo iliokoa maisha kwingine. Ni kweli. Utafiti wa MORDOR, uliochapishwa mwaka 2018 kwa azithromaisini iliyotolewa bure na kampuni ya Pfizer, ulifanyika Niger, Malawi na Kilosa hapa kwetu. Kwa jumla vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 13.5. Ukizigawa nchi unaona kitu kingine. Niger vilipungua kwa asilimia 18. Tanzania kwa asilimia 3.4, kiasi kidogo ambacho hakikuweza kutofautishwa na bahati tu. Ndiyo maana mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake, liliifungia dawa hiyo kwenye maeneo yenye vifo vingi sana vya watoto. Dawa ni moja, lakini jibu la Niger si jibu la Kilosa, na la Kilosa kuhusu vifo si la Haydom kuhusu kimo. Na msidhani suluhisho jingine lilikuwa limekaa wazi likisubiri: magharibi mwa Kenya, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 uligusa maji, vyoo na kunawa mikono, na hivyo navyo peke yake havikuongeza urefu wa watoto. Chakula cha ziada kiliongeza, kidogo. Kwa hiyo anayekuja wilayani na dawa moja ya udumavu aulizwe ameipima wapi.

Na kuuliza huko kunahitaji watu wenye haja tofauti. Kampuni ya dawa, mamlaka ya udhibiti na wasomi wakikaa meza moja, kila mmoja huja na haja yake. Kampuni inataka bidhaa ipite, nayo ina haki, kwa kuwa bila kuuza haitatengeneza nyingine. Msomi anataka matokeo yachapishwe. Mdhibiti anataka asije akaitwa kueleza kwa nini mtoto aliumia. Watu wengi hutamani hawa watatu wapatane haraka, mambo yaende. Mimi nataka wakae karibu, lakini kila mmoja awe na nguvu ya kumkatalia mwenzake. Sheria yetu imeliona hilo: jaribio la dawa halianzi bila kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mwaka 2018, ikiwa bado inaitwa TFDA, mamlaka hiyo ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika vipimo vya Shirika la Afya Duniani. Hiyo ni heshima ambayo Watanzania wengi hawaijui, na ni silaha tunayoiacha ghalani.

Kuna ushirikiano mwingine wa Haydom ambao ulikwenda vizuri kuanzia mwanzo, na inafaa kuuangalia kwa makini kwa sababu haukuanzia kwenye maabara ya mtu. Ulianzia wodi ya wazazi. Mwaka 2012 watafiti wa Haydom na Stavanger, Norwe, walichapisha walichokiona kwa kukaa kando ya vitanda vya kujifungulia na saa mkononi: kwa mtoto aliyezaliwa bila kupumua, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpulizia hewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu. Hapo tatizo likawa na sura. Wakunga walikuwa wamefundishwa, ila mafunzo ya mara moja tu hayakai mikononi. Yakaletwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini, kwa mwanasesere, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka hospitalini hapo kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi elfu.

Mtengenezaji wa vifaa, Laerdal Global Health ya Stavanger, alikuwa ndani ya kazi hiyo. Vifaa kama Moyo, kinachofuatilia mapigo ya mtoto akiwa bado tumboni, vilipita mikononi mwa wakunga wa Haydom na wa Dar es Salaam wakati wa kuvichunguza na kuvirekebisha. Baadaye vifaa, mazoezi na takwimu viliunganishwa kuwa mpango mmoja, ukapelekwa kwenye vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, Haydom ikiongoza. Matokeo yaliyotoka katika New England Journal of Medicine mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto kabla na mara baada ya kuzaliwa vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi elfu, na vifo vya kina mama vikipungua kwa takriban robo tatu. Sidhani kama mkoa wetu umewahi kuipa dunia zawadi kubwa kuliko hiyo.

Nikilinganisha kazi hizi mbili, naona tofauti katika jambo moja: swali lilianzia wapi. Kwenye wodi ya wazazi lilianzia kando ya kitanda cha kujifungulia. Kwenye dawa na chanjo, mara nyingi swali bado huja limeshaandikwa, nasi tunaombwa watoto wa kulijibia. Athari zake si za hisia tu. Chanjo ya matone ya rota, kirusi kinachosababisha kuhara, ilipojaribiwa barani Afrika, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha inazuia ugonjwa mkali kwa asilimia 77 Afrika Kusini na asilimia 49 tu Malawi. Tanzania iliianza miaka michache baadaye, na wataalamu wa Haydom waliofuatilia watoto waliolazwa kwa kuhara waliona rota ikipungua wodini. Chanjo ile inaokoa, na kila mzazi apeleke mtoto. Lakini kama matumbo yaliyojaa vimelea yanapunguza nguvu ya chanjo ya kumeza, basi matumbo hayo yalipaswa kufikiriwa tangu dozi inapangwa kiwandani, si baada ya bidhaa kuwekewa lebo.

Nafasi ya kufanya hivyo ipo sasa hivi. Chanjo za Shigela zinatengenezwa, na Kericho, Kenya, watoto wameshashiriki katika majaribio ya awali ya mojawapo iliyotoka kampuni ya GSK. Haydom inamjua Shigela kuliko hospitali nyingi za Afrika: ina kumbukumbu za miaka, ina wahudumu wanaojua njia ya kila boma kuanzia kwa Wairaqw na Wadatoga hadi kambi za Wahadzabe. TMDA tayari hukaa na wenzake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kupitia maombi ya dawa kwa pamoja, utaratibu uliozinduliwa Arusha mwaka 2012. Itumie kiti hicho kuyaambia makampuni kwamba chanjo itakayoletwa kusajiliwa ioneshe inavyofanya kazi kwa mtoto wa hali ya Haydom, na sharti hilo liwafikie mapema, mpango wa majaribio ukiwa bado karatasi.

Na kwa watafiti wetu nina ombi la pili. Majibu ya watoto wale 1,188 yasomwe kwenye mikutano mikuu ya vijiji, kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw, mwenyekiti akiwa amekaa na kina mama wakiwa na nafasi ya kuuliza. Waambiwe wazi kwamba dawa ile haikuwarefusha watoto wao, na kwamba kwa kuwa wao walikubali kupimwa, watoto wengine wengi hawatamezeshwa antibiotiki bure. Kisha waulizwe wao wangetaka kipimwe nini.