Anayeaminika Murongo ni nani?

JICHO LA MPAKANI
Na Jovina Kokushubila

Mkazi wa Nkwenda akipata safari ya ng'ambo, kinachomsumbua kwanza si ndege, ni mpaka. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwake, wakati Entebbe na Kigali ziko jirani. Ndiyo maana wengi wetu wa Karagwe na Kyerwa safari ya ndege tunaianzia ardhini: kushuka kwenye gari Mutukula, Rusumo au Murongo, kupanga foleni, kugongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia, kufungua begi na kulifunga tena. Ukifika uwanjani unaanza upya. Vua mkanda, toa kompyuta, nyoosha mikono.

Mwishoni mwa mwaka alikuja likizo kijana mmoja wa Kayanga mwenye ukaazi wa kudumu Marekani. Yeye hayo yote kule amepunguziwa. Ana uanachama wa Global Entry, mpango ulioanzishwa na forodha ya Marekani mwaka 2008, ambao ada yake sasa ni dola 120 kwa miaka 5. Kabla ya kukubaliwa alichunguzwa rekodi zake, akachukuliwa alama za vidole, akahojiwa na ofisa ana kwa ana. Sasa akitua, kamera inamtambua na yeye huyo anakwenda zake. Wakati wa kuondoka ana mstari wake, ule wa PreCheck ulioanza 2011, ambako kompyuta hubaki ndani ya begi.

Alinieleza haya kwa furaha ya mtu aliyeruka foleni kihalali, na sikumwonea wivu sana. Mantiki ya mpango wenyewe naikubali. Ofisa wa mpakani hawezi kumchunguza kila mtu kwa kina kilekile. Akijaribu, atawachelewesha wema na wabaya watapita katikati ya msongamano. Afadhali wanaokubali kuchunguzwa mapema wachunguzwe mara moja, tena vizuri, halafu macho yake yabaki kwa asiowajua. Huko si kumpendelea mtu, ni kutumia akili.

Ila kuna jambo kijana wetu hakulijua, na naona ndilo linalotuhusu sisi. Mipango hii si ya wapanda ndege peke yao. Mmoja wa wakongwe wake unaitwa SENTRI, na ulianza mwaka 1995 katika kivuko cha Otay Mesa, mpaka wa California na Mexico, miaka 13 kabla ya Global Entry. Uliwalenga watu wanaovuka kila uchao: analala Tijuana, anafanya kazi San Diego, jioni anarudi kwa watoto. Baadaye Marekani na Kanada zikaanzisha NEXUS kwa wakazi wa mpaka wao wa nchi kavu. Kwa maneno mengine, waliokaa na kupanga mambo haya walimfikiria mapema sana mtu wa mpakani, yule ambaye mpaka kwake ni njia ya kwenda sokoni.

Huku kwetu tumeanzia juu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mpango wake wa wafanyabiashara wanaoaminika forodhani, uliojengwa juu ya viwango vya Shirika la Forodha Duniani vya mwaka 2005. Kampuni ikithibitishwa na mamlaka ya mapato ya nchi yake, kwetu TRA, inatambuliwa katika nchi nyingine wanachama pia. Mzigo wake hukaguliwa mara chache, nyaraka zake hupitishwa haraka, lori lake halilali njiani. Ni mpango mzuri. Lakini masharti yake ni vitabu vya hesabu vilivyo sawa, rekodi safi ya kodi, mtaji unaoonekana na mfumo wa kulinda mizigo. Mama wa Kaisho anayevusha maharage hana mhasibu, na hakuna mtu aliyemfikiria wakati masharti hayo yanaandikwa.

Aliyemfikiria ni mwingine, aliyeandika ule utaratibu rahisi wa biashara. Bidhaa zikiwa zimezalishwa ndani ya Jumuiya, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani yake isizidi dola 2,000, mfanyabiashara mdogo anajaziwa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani na kuvuka bila kulipa ushuru wa forodha wala kukodi wakala. Nawapongeza waliouleta. Umewaokoa wengi na vishoka. Hata hivyo una kasoro moja ambayo sijasikia ikisemwa: utaratibu huu unauamini mkungu wa ndizi, haumwamini mwenye mkungu. Karatasi inahusu mzigo wa leo. Kesho akija na mkungu mwingine ni mtu mpya. Aliyevuka kwa miaka 10 bila kosa na aliyeanza biashara juzi wanasimama sawasawa.

Nenda Murongo asubuhi uone. Ng'ambo ya mto Kagera ni Kikagati, wilaya ya Isingiro, Uganda. Lugha ni moja kwa mtu asiyetaka ubishi, maana Runyambo na Runyankore zinasikilizana bila mkalimani. Mama anafika na gunia la maharage kwenye baiskeli inayosukumwa na mwanawe, shilingi za Uganda amezifunga kwenye pindo la kanga, za Tanzania ziko kwenye kibeti kifuani. Ofisa ni kijana, ana adabu. "Shikamoo mama, humo kuna nini?" Maharage, mwanangu. Kijana anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, anapekua, anatoa konzi, anaitazama. Kweli ni maharage. Yule aliyekuwepo kabla yake hakuwa akipekua, maana alikuwa akimfahamu mama huyu. Alihamishwa. Na imani yake juu ya mama ikahama naye, kwa sababu haikuwa imeandikwa popote.

Huo ndio mpango wetu wa msafiri anayeaminika: kujulikana na ofisa aliyepo zamu. Hauna ada rasmi wala fomu, na hauna usaili. Na kwa kuwa hauna kitu chochote rasmi, unaweza kununuliwa. Anayetoa ya chai mara kwa mara naye hujulikana, tena upesi kuliko mama wa maharage.

Haiwezekani kuandika haya Kyerwa bila kuitaja kahawa. Mkono ule ndani ya gunia unatafuta kahawa ya maganda. Serikali inataka robusta yetu ipite vyama vya msingi na kuuzwa mnadani, na kila bei ya ng'ambo inapopanda kuliko ya huku, magunia hupata miguu usiku. Mkulima aliyekwisha kuuza kwa butura, akala hela wakati kahawa bado ni maua, hana hata sauti ya kusema mzigo wake uende wapi. Ni vita ya miaka mingi na sina haja ya kuimaliza leo. Ninachosema ni kwamba kahawa ya magendo haipangi foleni Murongo. Inapita njia za panya, mtumbwini, kwenye bodaboda isiyowasha taa. Anayekuja mwenyewe mbele ya ofisa saa mbili asubuhi, akaweka gunia lake chini na kutaja jina lake, amekwisha kutupa sababu ya kumwamini, na sisi tunamlipa kwa kumpekua kuliko wote.

Najua jibu litakalokuja. Mpe kadi leo, kesho chini ya maharage utakuta kahawa. Inawezekana. Hata wenzetu yamewapata, tena mabaya zaidi. Mwaka 2011, kwenye mpaka wa Ciudad Juárez na El Paso, wauza bangi waliwavizia watu wenye kadi za SENTRI, wakachongesha funguo za magari yao na kutia mabegi ya bangi kwenye buti bila wenyewe kujua. Mwalimu mmoja aliyekuwa akienda kazini alikamatwa na kusota mahabusu kwa wiki kadhaa kabla ukweli haujajulikana. Pamoja na hayo mpango haukufungwa. Mwenye kadi bado anaweza kusimamishwa siku yoyote na kukaguliwa kwa kushtukizwa, na akikutwa na kosa anapoteza kadi. Hapo ndipo penye nguvu yake. Mtu asiye na kitu cha kupoteza mpakani hana cha kuogopa isipokuwa faini. Mwenye kadi iliyomchukua mwaka mzima kuipata atafikiri mara mbili shemeji yake akimwomba amvushie debe la kahawa.

Kabla ya kadi, lakini, kuna swali gumu zaidi, nalo ni la uraia. Wilaya zetu hazijasahau mwaka 2013. Operesheni Kimbunga iliwasaka wahamiaji wasio na vibali katika Kagera, Geita na Kigoma, na maelfu waliondoka, wakiwemo waliokuwa wameishi hapa miaka na kuzaa hapa. Tangu hapo, na hata kabla yake, anayeomba kitambulisho cha taifa Kyerwa huulizwa habari za babu na bibi ambazo wa Dodoma haulizwi. Mwaka uliofuata, 2014, Kenya, Uganda na Rwanda ziliruhusu raia wao kuvukiana kwa kitambulisho cha taifa tu. Tanzania haikuingia. Sababu za tahadhari zipo na sizibezi: wilaya ya Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda kwa pamoja, na ofisa wa uhamiaji anayeitazama ramani ana haki ya kukosa usingizi. Ila tahadhari hiyo imetufikisha mahali pa ajabu. Pasipoti ya kielektroniki, tuliyoizindua mwaka 2018, ni shilingi 150,000 kwa miaka 10. Kwa anayevuka na maharage ya siku, hela hiyo ndiyo mtaji wenyewe. Huku mama huyohuyo ana namba ya NIDA, laini yake ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole, na kampuni ya simu inamkopesha usiku wa manane bila kumwona uso. Mtandao wa simu unamwamini. Ofisi ya mpakani haijaamua.

Hapa Karagwe tulikuwa tukiliweza jambo hili zamani. Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Omukama Rumanyika wakielekea Buganda. Hawakupita tu. Speke alingoja hadi Januari 1862, ujumbe wa Kabaka Mutesa ulipofika na mtu wake, Maula, kumchukua. Grant, aliyekuwa na kidonda mguuni, aliachwa kwa Rumanyika mpaka apone. Wafanyabiashara wa pwani waliokuwa na kituo chao Kafuro walilijua hilo: neno la Karagwe lilikuwa na uzito katika kukufungulia njia ya kaskazini. Mgeni alichunguzwa mara moja, kwa kituo, halafu akasindikizwa.

Ninachopendekeza ni kidogo kuliko hicho. Pale Murongo, wafanyabiashara wadogo ambao tayari wanajaziwa vyeti vya uasili wasajiliwe kwa majina yao: namba ya NIDA, alama za vidole, kijiji, barua ya mtendaji na aina ya bidhaa. Kila wanapovuka iandikwe, kwa kompyuta na si kwenye daftari linalohama na ofisa. Ukipita mwaka bila kosa, wapewe kadi kwa ada isiyozidi bei ya kuku, na dirisha lao siku za soko. Wakaguliwe kwa kushtukizwa. Anayekutwa na magendo aipoteze kadi na asiombe tena kwa miaka kadhaa. Kikagati nao waikubali kadi hiyo na watoe ya kwao, maana kadi inayotambulika upande mmoja wa mto itamharakisha mtu kwenda kwenye foleni nyingine.

Faida nyingine ilionekana wazi Januari 2025, ulipotangazwa ugonjwa wa Marburg Biharamulo, miaka miwili baada ya ule wa wilaya ya Bukoba. Kazi ya kwanza ya watu wa afya ni kujua nani amekutana na nani. Orodha ya wanaovuka, yenye namba za simu, ingewapunguzia siku nzima za kuulizana.

Mutukula na Rusumo vimepata majengo ya kisasa ya huduma za pamoja, Rusumo mwaka 2016 na Mutukula 2017, marais wakakata utepe. Ninayoomba hayahitaji jengo wala utepe. Yanahitaji ofisi mbili kukaa meza moja, kwa kuwa forodha iko chini ya Waziri wa Fedha na uhamiaji uko chini ya Waziri wa Mambo ya Ndani, na mwananchi wa Murongo amezoea kuambiwa na kila upande kwamba hilo ni la wenzetu.

Waheshimiwa wabunge wa Karagwe na Kyerwa, kikao cha bajeti kikifika ulizeni swali moja, tena muwaulize mawaziri wote wawili siku moja ili mmoja asimsukumie mwenzake: mfanyabiashara mdogo aliyevuka Murongo miaka 10 bila kosa atafanya nini ili mwaka wa 11 asipekuliwe kama mtuhumiwa? Jibu likiwa ni kwamba hakuna, basi mlilete azimio la kuanzisha majaribio hapohapo Murongo.