Mashine puani kwako, namba mikononi mwa wengine

Leo siasa za nyumbani tuziache zipumue kidogo, tuongelee kupumua kwenyewe. Huko Marekani kuna mvutano wa muda mrefu kati ya watu wanaolala na mashine puani, kampuni zinazotengeneza hizo mashine, na bima zinazolipa. Wanagombania namba moja ndogo tu, na namba hiyo ndiyo inaamua kama mtu atalala au atakesha anakabwa.

Tuanze na ugonjwa. Kuna watu wakilala koo linalegea hadi njia ya hewa inajifunga. Pumzi inakatika sekunde 10, 20, wengine zaidi. Ubongo unashtuka, mtu anavuta hewa kwa kishindo, anarudi usingizini, halafu inakatika tena. Asubuhi hakumbuki kitu, ila kachoka kama aliyeshusha magunia usiku kucha. Unaitwa apnea ya usingizi. Madaktari wanahesabu pumzi imekatika au imepungua mara ngapi kwa saa: chini ya mara 5 uko sawa, ukifika 30 hali yako ni mbaya. Huku kwetu mtu akikoroma hadi bati linatikisika tunasema kashiba huyo, ana usingizi mnono. Kumbe wengine wanakabwa.

Dawa yake kubwa ilipatikana Australia. Mwaka 1980 daktari Colin Sullivan wa Chuo Kikuu cha Sydney alijaribu kumpulizia mgonjwa hewa puani mfululizo, ile hewa ikae kooni kama upepo kwenye tairi, koo lisijifunge. Ikafanya kazi, na mwaka 1981 wakachapisha matokeo kwenye jarida la The Lancet. Ndiyo mashine inayoitwa CPAP. Wengi wanadhani ni oksijeni. Siyo. Ni hewa hiihii ya chumbani, inasukumwa tu kwa nguvu kupitia mpira na barakoa.

Nguvu kiasi gani? Hapo ndipo penye namba. Inapimwa kwa sentimita za maji. Chukua glasi ndefu ya maji, zamisha mrija sentimita 10, puliza mpaka mapovu yatoke chini. Nguvu uliyotumia hapo ndiyo 10. Mashine nyingi zinaanzia 4 na kuishia 20. Ikiwa ndogo mno kwako, koo linajifunga kama kawaida na mashine inakuwa pambo la kitandani. Ikiwa kubwa mno, hewa inavuja pembeni ya barakoa, tumbo linajaa gesi, na kwa baadhi ya watu ubongo wenyewe unaacha kutuma amri ya kupumua. Hilo la mwisho ni tatizo jingine kabisa, na kuongeza namba kunaweza kulizidisha. Kwa hiyo habari ya "zidisha tu upepo utapona" ifute kichwani.

Njia ya zamani ya kutafuta namba ni kumlaza mgonjwa maabara usiku mzima, mwili umejaa waya. Fundi anaanza na 4, kisha anapandisha taratibu, anasubiri dakika 5 au zaidi kabla ya kupandisha tena, hadi pumzi zitulie. Ni kazi nzuri lakini ni ghali, na ni usiku mmoja tu. Mtu yuleyule akilala chali, akinywa pombe, akinenepa kilo 10, namba yake inaweza kubadilika. Ndiyo maana zikaja mashine zinazojipima zenyewe. Unaziwekea namba ya chini na ya juu, halafu katikati ya hapo zinapanda na kushuka zenyewe kufuata pumzi yako.

Ukisikia hivyo unadhani tatizo limekwisha. Wapi! Wauzaji wengine wanaitoa kwenye boksi na kumpa mgonjwa ikiwa na seti ya kiwandani, chini 4, juu 20. Hapo hakuna aliyepima kitu. Ni sawa na kwenda dukani ukaambiwa kiatu chako ni kati ya namba 4 na 20, jaribu.

Nina mjomba wangu Texas, dereva wa malori makubwa. Daktari anayepima madereva alimtilia shaka, shingo nene na kusinzia mchana, akampeleka kupimwa. Pumzi ilikuwa inakatika zaidi ya mara 40 kwa saa. Akaletewa mashine na kampuni moja ya vifaa, seti ileile ya 4 hadi 20. Kila usiku akivaa anahisi anavuta hewa kupitia mrija wa soda, saa saba usiku kaivua kaitupa pembeni. Akipiga simu kwa waliomuuzia anaambiwa, "Vumilia, utaizoea." Akiuliza kama anaweza kuongeza ile 4 anajibiwa kwamba hiyo ni kazi ya daktari. Na daktari miadi yake ni miezi mitatu mbele.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Ile mashine ina modemu ndani. Kila asubuhi inatuma taarifa: kalala saa ngapi, pumzi zimekatika mara ngapi, barakoa imevuja kiasi gani. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ina sharti kwamba ndani ya miezi 3 ya mwanzo uwe umeitumia mashine angalau saa 4 kwa usiku, kwa asilimia 70 ya usiku ndani ya siku 30 mfululizo. Usipofikisha, bima inaacha kulipia. Bima nyingi za binafsi zimeiga. Mwaka 2018 shirika la habari la ProPublica liliandika kwa kirefu jinsi taarifa hizo zinavyotoka kwenye kitanda cha mgonjwa hadi kwa wanaolipa, wagonjwa wengi wakiwa hawana habari. Kwa madereva ni kali zaidi. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilianza mchakato wa kuweka kanuni maalumu ya apnea kwa madereva, na Agosti 2017 ikauondoa. Uamuzi ukabaki kwa daktari mpimaji, na wengi wao wanashika vipimo vilevile vya saa 4 na asilimia 70. Kwa hiyo mjomba akishindwa kuizoea hiyo 4, cheti kinakwenda, na lori linakwenda.

Kwa maneno mengine, kila mtu anaiona data ya usingizi wake, kila mtu anaitumia kumhukumu, na yeye pekee ndiye anayeambiwa asiguse.

Na hiyo kufuli yenyewe ni kichekesho. Kwenye AirSense 10 ya ResMed, moja ya mashine zilizosambaa sana, mgonjwa akifungua menyu yake anakuta mambo ya unyevu, aina ya barakoa na kuanza taratibu. Menyu ya daktari iko humohumo, inafunguka kwa kushikilia vitufe viwili pamoja sekunde chache. Hakuna hata neno la siri. Mwaka 2020, wakati wa korona, mtaalamu wa kompyuta Trammell Hudson alikwenda mbali zaidi, akaonyesha kwamba ndani ya mashine hiyohiyo kuna uwezo mwingine uliozuiwa kwa programu tu. Kampuni ilipinga, ikasema kuchezea programu ni hatari. Sisi wa Kariakoo habari hii tunaijua. Ni kama simu iliyofungwa laini moja: chuma ni kilekile, mtu kakaa juu ya ufunguo.

Lakini simu ikiharibika unanunua nyingine, na koo halina spea. Hoja ya madaktari ina uzito, na kuna watu wamejipandishia namba kwa hasira wakaishia kulala vibaya kuliko mwanzo. Ninachogomea ni hii tabia ya kudhani kwamba namba ikishafungwa mgonjwa yuko salama. Juni 2021 Philips, wakati huo mmoja wa watengenezaji wakubwa, walitangaza kurudisha mamilioni ya mashine kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ilikuwa inaweza kumeguka au kutoa kemikali, na mtumiaji akavuta. Watu walisubiri mashine mbadala miezi na miezi. Mwaka 2024 kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.1 kumaliza kesi za waliodai kuumizwa, bila kukiri kosa, na ikaacha kuuza mashine mpya za CPAP Marekani. Waliotii kila sharti na hawakugusa kitufe hata kimoja walikuwa wanavuta hewa kupitia sponji hiyohiyo.

Kilichosaidia wagonjwa wengi kilitoka kwa wagonjwa wenzao. Mark Watkins, Mwaustralia, aliandika programu ya bure iitwayo SleepyHead, inasoma memori kadi ya mashine na kuchora usiku wako wote, pumzi kwa pumzi. Mwaka 2019 alipoiacha, wengine wakaichukua na kuiendeleza kwa jina la OSCAR. Angalieni vizuri: programu hii haibadilishi namba yoyote. Inasoma tu. Lakini kusoma peke yake kumebadili mazungumzo.

Binamu yangu, bintiye mjomba, ndiye aliyechomoa ile kadi akaiweka kwenye laptopu. Wakaona usiku baada ya usiku mashine inaanza 4, pumzi zinakatika mfululizo, inapanda polepole hadi 9, 10, 11, inatulia hapo, na kabla usiku haujafika mbali mzee kashavua. Haikuwa ukaidi wala uvivu. Alikuwa anakosa hewa saa ya kwanza ya kila usiku. Wakachapa grafu za siku 14, wakapeleka kwa daktari bila kusubiri miadi, wakamwomba aangalie tu. Daktari akaangalia, akapandisha namba ya chini kutoka 4 hadi 8 kwa kompyuta ya ofisini kwake, mashine ikiwa nyumbani kitandani. Haikuchukua dakika 5. Wiki mbili baadaye mjomba alikuwa anavaa saa 6 kwa usiku, na cheti amepewa, cha mwaka mmoja.

Dakika 5, jamani. Hizo ndizo zilizokuwa zinasubiri miezi mitatu.

Msimamo wangu ni kwamba data ianze kwa mwenye pua. Aione kabla ya bima na kabla ya muuzaji, yote, siyo ile alama ya tabasamu wanayomwonyesha asubuhi. Na bima ikitaka kumkatia mtu kwa kukosa saa 4, kwanza ionyeshe kwamba kuna mtu mwenye taaluma aliyeangalia namba yake tangu mashine itoke kwenye boksi. Kama hakuna, kosa siyo la mgonjwa.

La mwisho kwa wenye ndugu nje. Ukitumiwa mashine iliyotumika, namba iliyomo ndani ni ya koo la mtu mwingine, mpeleke mzee hospitali akapimwe kabla ya kuivaa. Na kama ni Philips DreamStation ya toleo la kwanza, hakikisha kwanza haimo kwenye zile zilizorudishwa mwaka 2021.

Wenye wazee wanaolala nazo, waulizeni leo: namba ya chini ni ngapi, na aliiweka nani? Leteni majibu kwenye maoni hapo chini.