Magazini Mkononi, Risasi Chembani

Kati ya Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale bunduki husafiri kila siku. Zipo za polisi na za jeshi, maana divisheni ya pili ya jeshi la Uganda, UPDF, ina makao yake Makenke. Zipo za askari wa kampuni za ulinzi wanaopelekwa kulinda maghala na fedha. Na upande wa pili wa mji, kuelekea Ziwa Mburo, zipo za wawindaji wenye leseni, kwa kuwa Uganda ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1979, kisha ikaufungua tena huko mwaka 2001. Pamoja na bunduki hizo husafiri maneno mengi. Mengine ni ya vijiweni. Mengine, kwa bahati mbaya, hutoka kwa watu waliovaa sare.

"Nimetoa magazini, kwa hiyo bunduki haina kitu." Hili nalianza kwa sababu ndilo linaloua. Magazini hubeba risasi zinazosubiri, ila risasi iliyokwisha kuingia chemba haisubiri magazini tena. Askari aliyekoki AK yake usiku kwenye lindo, asubuhi akachomoa magazini na kupanda gari, amepanda na risasi moja iliyo tayari, na magazini aliyoishika mkononi inamfanya yeye na wenzake waamini kinyume chake. Utaratibu unajulikana na kila kuruti hufundishwa: kwanza mtutu uelekezwe kwenye pipa la mchanga au tuta la udongo, kidole kikae nje ya traiga, magazini itoke, ndipo bunduki ikokiwe, chemba itazamwe kwa macho, na kama kuna giza iguswe kwa kidole. Mpangilio huo haupinduliki. Ukikoki kabla ya kutoa magazini, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine, halafu unatoa magazini kwa moyo mweupe na uko palepale ulipoanzia.

Kazi hiyo hufanyika chini, nje ya gari. Siyo kwenye benchi la pikapu, wala ndani ya dabo kabini watu wakiwa wamebanana magoti.

Wengine hujibu kwamba swichi ya usalama ipo. Ipo kweli. Kwenye AK, ikiwa juu kabisa inazuia traiga. Ukiishusha hatua moja inafika kwenye mfululizo, na hatua ya mwisho ndiyo ya risasi moja moja. Yaani kitu cha kwanza unachokutana nacho ukitoka kwenye usalama ni ufyatuaji wa mfululizo. Barabara ya Kikagati ina lami, lakini ukiiacha kuelekea Nakivale unaingia kwenye changarawe na makorongo, na bunduki iliyosimamishwa kati ya magoti inagonga mlango, mkoba, buti la jirani na breki ya mkono. Swichi huzuia traiga, haitoi risasi. Risasi inabaki pale pale chembani, ikitegemea kipande cha bati kisisogee kwa safari nzima.

"Lakini adui hatakungoja upakie." Hapa wanaosema wana hoja, na nisingependa kuipuuza. Askari anayesindikiza fedha hayuko katika hali moja na dereva anayehamisha bunduki kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Tatizo ni kwamba kwetu hali hizo mbili zimechanganywa. Bunduki inayolinda ina mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo, iko mikononi mwake, na hata hiyo inaweza kukaa na magazini iliyojaa na chemba tupu. Kukoki ni kazi ya sekunde moja kwa aliyefunzwa. Bunduki inayosafirishwa haimlindi mtu yeyote. Hiyo ni mzigo, tena mzigo wa aina yake, na inatakiwa iwe tupu, imefungwa, risasi zake zikiwa mahali pengine. Askari wanne wanaorudi kutoka zamu, wamechoka, wawili wamesinzia, hawasindikizi kitu. Bunduki zao nne zilizopakiwa humo garini ni hatari nne zisizo na kazi.

Kuhusu mtutu, ubishi ni wa zamani: juu au chini? Wengi wetu tumezoea kusikia "juu daima", na kwa mtu anayetembea uwanjani ni shauri zuri. Ndani ya gari linabadilika. Kwenye pikapu ya patroli, ambako askari hukaa kwenye benchi la katikati wakitazama nje, mtutu wa juu ukiinama kidogo tu unapita kwenye shavu la jirani. Chini kuna sakafu, na pengine tangi la mafuta au mrija wa breki. Gari laweza kuharibika. Mimi nachagua gari liharibike. Mwelekeo wenyewe, hata hivyo, ni tahadhari ya pili. Aliyehakikisha chemba iko tupu amekwisha punguza sehemu kubwa ya ubishi huu.

"Nimeiweka chini ya kiti, mlango nimefunga, haionekani." Kutoonekana ni jambo jema, lakini hakutoshi hata kidogo. Gari likisimama mjini Mbarara kwa chakula cha mchana, kioo chake ni kizuizi cha jiwe moja. Silaha ikiibwa hapo haipotei peke yake, kwani kila inakotumika baadaye namba yake itarudi kwa aliyeiacha. Uganda imeonja hilo. Mwishoni mwa 2022 vituo vya polisi vya Busiika na Kyabadaza vilivamiwa na watu waliotaka bunduki, na walizichukua. Kama mtu yuko tayari kuvamia kituo chenye askari kwa ajili ya bunduki, atashindwaje na mlango wa gari lisilo na mtu? Mahali pa bunduki ni ndani ya kasha gumu lenye kufuli, na kasha lenyewe lifungwe kwa mnyororo au bolti kwenye bodi ya gari. Na hata hivyo mtu mmoja abaki nayo. Wale wanaokula wale kwa zamu.

Kufunga kuna sababu nyingine isiyohusu wezi. AK ina uzito wa karibu kilo nne. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa likigonga mti, kila kisichofungwa kinaendelea mbele kwa mwendo uleule, yaani mita 17 hivi kwa sekunde, mpaka kikutane na kisogo cha mtu.

Wawindaji, ambao wengi hudhani ni wazembe, wana la kutufunza hapa. Anayetua Entebbe na raifo yake ameifikisha ikiwa tupu, ndani ya kasha lenye kufuli, kwenye shehena ya ndege, na risasi zimefungashwa kando, zisizozidi kilo tano kwa abiria mmoja, kwa sababu mashirika ya ndege hayamruhusu vinginevyo. Raifo nyingi za kuwindia huchomolewa bolti kwa urahisi. Bolti ikiwa kwenye mkoba mwingine, kilichobaki ni chuma na mbao. Ubaya ni kwamba nidhamu hiyo mara nyingi huishia uwanja wa ndege. Mbele kuna kilomita kama 270 mpaka Mbarara, na kasha linageuka kuwa mzigo tu nyuma ya Land Cruiser, chini ya maboksi ya maji.

"Joto la gari hulipua risasi." Hapana. Gari lililofungwa juani huweza kuchoma mkono, lakini baruti ya risasi huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 150 za Selsiasi ili kuwaka yenyewe, na gari juani halifiki huko. Gari likiungua ni habari nyingine: risasi zilizo kwenye boksi zitapasuka na kurusha vipande, ila iliyomo chembani itatoka kama imepigwa kwa makusudi, kwa nguvu zote za mtutu.

Kuna pendekezo linalosikika kila barabara inapokuwa na wasiwasi: mweke askari na bunduki yake ndani ya gari la shirika la misaada, litakuwa salama zaidi. Magari hayo yana stika ya bunduki iliyopigwa mstari mwekundu, na stika hiyo ndiyo ulinzi wake wa kwanza. Bunduki ikipanda humo, kila gari lenye nembo ileile linashukiwa, hata lile linalopeleka mama mjamzito hospitali. Kama msafara unahitaji ulinzi, askari wapande gari lao.

Na lile la vijiwe vya Mbarara, kwamba "bunduki huja na wakimbizi ndani ya mabasi ya Nakivale", nalo lijibiwe kwa historia. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Wanyarwanda, na leo yana zaidi ya watu 150,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko. Mkataba wa OAU wa 1969 unazitaka nchi kuwazuia wakimbizi kutumia silaha dhidi ya nchi wanachama, na mpiganaji hahesabiwi mkimbizi mpaka ameweka silaha chini kabisa. Novemba 2013 wapiganaji wa kundi la waasi wa Kongo la M23 zaidi ya elfu moja walipoingia Uganda, walinyang'anywa silaha na kuwekwa kambi ya kijeshi ya Bihanga, Ibanda, mbali na raia wa Nakivale. Na kundi maarufu kuliko yote lililoondoka kusini-magharibi mwa Uganda na bunduki, lile la Fred Rwigyema lililovuka mpaka wa Rwanda huko Kagitumba tarehe 1 Oktoba 1990, lilikuwa na wana wa wakimbizi, ndiyo, lakini walikuwa askari wa NRA, jeshi la Uganda la wakati huo, na waliondoka na silaha za jeshi. Anayetafuta bunduki iliyokosa uangalizi aanze kutazama ghala yenye daftari bovu, kabla ya kupekua godoro la mama aliyekimbia Rutshuru, Kongo.

Limebaki la kibali. "Karatasi zipo" husemwa na mtu yeyote aliyemo garini, ilhali kibali cha sheria ya silaha ya 1970 humhusu anayekishika. Askari akishuka kwenda kujisaidia na kumwachia dereva bunduki mapajani, kwa dakika hizo dereva asiye na kibali ndiye mwenye silaha, na polisi wa kizuizi akifungua mlango hatamkuta mwingine wa kumuuliza. Jina la atakayeishika njia nzima liandikwe kabla ya kuondoka, pamoja na namba ya bunduki na hesabu ya risasi, na hesabu hiyo irudiwe gari likifika Base Camp ya Nakivale, kabla abiria hajatawanyika.