Ankara papo hapo, malipo lini?

Vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe mnaouzia supamaketi mayai, mchicha au mabuyu, kitabu cha risiti pekee hakitoshi tena. Tangu Januari 1, 2024, duka lisilo na ankara ya eTIMS haliwezi kuhesabu ununuzi huo kama gharama ya biashara linapokadiriwa kodi. Huna ankara? Wataenda kwa mwingine. Uzuri ni kwamba mfumo wa KRA ni wa bure, na hata kwa kabambe unabonyeza tu *222#.

Lakini tusidanganyane bana. Ankara inafika papo hapo, malipo yanakawia miezi. Nakumatt ilianguka na madeni ya wauzaji wake. Serikali iliyotulazimisha kutoa ankara haraka iyalazimishe maduka makubwa nayo kulipa haraka.