NYUMBA NA JAMII: Kompyuta Isiyolijua Jengo

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017, moto ulizuka kwenye jokofu katika ghorofa ya nne ya Grenfell Tower, jengo la makazi lenye ghorofa 24 mjini London, mali ya halmashauri ya mtaa. Watu 72 walipoteza maisha.

Moto ulipanda kwa kasi kwa sababu ya mabamba ya alumini yenye plastiki ndani, yaliyobandikwa kutani katika ukarabati uliomalizika mwaka 2016. Lakini liko jambo jingine ambalo halikuvuma sana. Kikosi cha zimamoto kilikuwa na kompyuta, na ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za majengo ya mji. Taarifa ya tume ya Jaji Martin Moore-Bick, iliyotolewa Oktoba 2019, ilionyesha kwamba habari za jengo hilo karibu zote hazikumfaa kamanda kwa lolote. Nyingine zilikuwa zimepitwa na miaka mingi, na ukarabati ule haukuandikwa. Ramani za ghorofa hazikupatikana mapema. Hata lifti, askari walipotaka kuitawala kwa swichi yao, haikuwatii.

Mashine, basi, haikukosekana. Alikosekana mtu wa kuiambia kwamba jengo limebadilika.

Mei 2018 Bibi Judith Hackitt alipendekeza kile alichokiita uzi wa dhahabu: kumbukumbu moja ya kompyuta inayolifuata jengo tangu mchoro wa kwanza, ikieleza kuta zimejengwa kwa nini, milango ya kuzuia moto iko wapi, na nani alibadili kitu gani, lini. Sheria ya mwaka 2022 ililazimisha jambo hilo huko Uingereza kwa majengo ya makazi yenye urefu wa mita 18 au ghorofa 7 na zaidi.

Nchini Uganda kazi ya kuzima moto ni ya jeshi la polisi. Fundi anapoziba mlango wa nyuma wa nyumba za askari, au anapohamisha swichi kuu ya umeme, habari hiyo ni ya askari mwenzake atakayeingia gizani siku moja, na ya mama aliye ndani na watoto. Kununua kompyuta ni kazi ya siku moja. Kumpata karani atakayeandika badiliko hilo jioni ile ile, na mkuu atakayemwuliza kama ameandika, ndiyo kazi yenyewe.

Tume ya London haikuiamini kompyuta peke yake. Ilitaka ramani zitolewe pia kwa karatasi, na nakala ya ramani za ghorofa iwekwe ndani ya sanduku katika jengo lenyewe.